Kurasa Zilizoliwa na Nyuki

Mwanaume anayekwenda kukiri kosa huwa na shughuli nyingi za njiani. Kutoka Ugalla mpaka Katumba Luhende alisimama mara tatu. Mara ya kwanza alikagua mnyororo wa pikipiki, na mnyororo ulikuwa mzima. Mara ya pili alinunua hindi la kuchoma, akalishika mkononi bila kulila mpaka likapoa. Mara ya tatu alisimama tu, akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena, akatazama nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakuwa amesahau kitu. Kitu chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti: ndoo ndogo ya asali yenye mfuniko wake, na siku hiyo ndani hamkuwa na asali hata tone. Mlikuwa na karatasi zilizotafunwa.

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Siku aliyopewa ni Jumapili.

Aliyempa ni mzee Candide, baba yake Thacienne, na mzee huyo hana tabia ya kurudia neno. Alisema binti yake ni mtu mzima, ana miaka arobaini na moja, ana mtoto wa kidato cha pili, aliolewa akaachika, hana haja ya kulindwa na mzee anayetembea na fimbo. Lakini nyumba yake haipokei mkwe anayekuja kama mpita njia. Baba yake Luhende ametangulia mbele ya haki, sawa. Mama yupo. Mama aje, akae kwenye kiti, aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Miaka miwili imepita na mama hajakanyaga Katumba. Jumapili asipokuja, habari hiyo iishe, na Luhende aendelee kuja hapo kama wauza asali wengine, akiuza anaondoka.

Thacienne siku hiyo alikuwa ameketi pembeni akichambua mchele. Hakumpinga baba yake. Aliinua macho mara moja tu, akamtazama Luhende, kisha akarudi kwenye ungo. Kama angemtukana, Luhende angelala vizuri. Jicho lile halikuwa na tusi. Lilikuwa limechoka.

Mama mwenyewe, Nyanzala, alikuwa na sababu zake, na kila akiulizwa alizitoa zote. Mwanamke amemzidi mwanawe miaka kumi na moja. Ana mtoto wa mwanaume mwingine. Halafu ni Mrundi. Akiambiwa kwamba Thacienne kazaliwa hapa hapa Katumba na ni Mtanzania kama yeye, anajibu kwamba hata ng'ombe wake wengi wamezaliwa Katavi, lakini bado ni ng'ombe wa Maswa. Ukimshinda hapo, anakuletea la mwisho.

"Nionyeshe mwanaume mmoja mwenye akili timamu," anasema, "aliyeoa mwanamke wa kumzidi hivyo. Mmoja tu. Nitanyamaza."

Luhende alipompelekea Thacienne maneno hayo, akitegemea atakasirika, Thacienne alicheka.

"Ninaye," alisema.

Alikuwa naye kweli. Thacienne anafundisha historia sekondari, na kwa miaka minne, kila akimaliza kusahihisha madaftari ya watoto, alikuwa akiandika kwa mkono maisha ya bwana mmoja wa Ulaya ambaye Katavi nzima hakuna anayemjua ila yeye na baba yake. Jina lake la kwanza ni Richard, na mengine yanafuata nyuma kama mabehewa ya treni ya Kaliua. Baba yake alikuwa mtu mkubwa wa Austria, mama yake Mjapani. Baada ya vita kuu ya kwanza, wakati kila nchi kule imemnunia jirani yake, bwana huyu akiwa bado kijana alianza kuwaambia watu kwamba Ulaya yote iwe nyumba moja. Wengine walimcheka. Akaendelea kusema. Mzee Candide alimkuta kwenye kitabu cha Kifaransa kisichokuwa na jalada, alichokibeba kwenye fuko lake mwaka sabini na mbili, alipokimbia Burundi akiwa kijana wa chuo cha ualimu. Kwa kitabu hicho alimfundisha binti yake Kifaransa. Baadaye mchwa waliingia kwenye sanduku, wakaacha uzi wa kushonea tu.

Hata mapenzi ya hawa wawili yaliingilia mlango huo huo. Thacienne aliwaleta wanafunzi wake Ugalla waone nyuki, na Luhende, aliyezoea kutaniwa na kaka zake kwamba ni Msukuma aliyekimbia ng'ombe akaenda kuchunga inzi, aliwaeleza watoto namna ya kuunganisha makundi mawili ya nyuki yaliyo dhaifu. Ukiyachanganya ghafla yanauana, alisema, kwa kuwa kila kundi lina harufu yake. Basi unaweka sanduku moja juu ya jingine, na katikati unatandaza gazeti. Wa juu wanatafuna kutoka juu, wa chini kutoka chini, polepole. Siku tundu linapotoboka, harufu zimeshazoeana, wanakutana kama watu wa nyumba moja. Watoto waliandika. Mwalimu wao hakuandika. Alisimama na wavu usoni akimtazama mfuga nyuki, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Richard angekupenda wewe." Luhende hakumjua Richard ni nani, akamwonea wivu wiki nzima.

Sasa, huyo Richard, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, bado mwanafunzi, alimpenda mwigizaji wa jukwaani, mwanamke aliyekuwa nyota mjini kwao. Alikuwa amemzidi miaka kumi na mitatu. Alikuwa ameachika. Alikuwa na binti. Akamuoa. Sura hiyo Thacienne aliichomoa kwenye faili lake, karatasi nane, akazifunga kwenye gazeti zisishike vumbi, akamkabidhi Luhende akamsomee mama yake. Alimwambia nakala ni hiyo moja, hajaipeleka kuchapwa mjini, kwa hiyo azibebe kama mayai. Luhende akasema mayai amebeba tangu utotoni.

Alimsomea mama alasiri, mama akimenya karanga. Alisoma taratibu kwa kidole, maana darasa la saba ndiyo mwisho wake na mwandiko wa Thacienne unalala kama majani yaliyopigwa na upepo. Alitegemea mama ashangazwe na yule mwigizaji. Nyanzala hakujali mwigizaji. Alishikwa na Mjapani.

"Rudia hapo anapopanda meli," alisema.

Luhende akarudia. Mwanamke wa watu anaondoka kwao na mume na watoto wadogo, anakwenda nchi asiyoijua.

"Lugha ya huko alikuwa anaijua?"

"Naona alijifunzia huko huko."

"Na hakurudi kwao tena?"

"Imeandikwa hakurudi. Mume akafa, akabaki na watoto saba, akasimamia nyumba na mashamba mwenyewe."

Nyanzala aliacha karanga. Yeye alitoka Maswa akiwa mke wa mwaka mmoja, akitembea nyuma ya ng'ombe, wakapita Tabora kwa miguu, akafika Ugalla hakuna hata wa kumwomba chumvi. Akasema huyo mama anamjua, ila hawajaonana tu. Na walipofika pale kijana analeta habari za mwigizaji na mama anakataa, Nyanzala alipiga paja.

"Ndiyo. Mwenye akili huyo. Endelea."

Lakini jua lilikuwa linazama na karatasi nne zimebaki. Luhende akazifunga zote nane kwenye gazeti lake, akazipachika juu ya boriti ya kibanda cha asali, akamwambia mama watamalizia kesho.

Kesho yake makundi mawili ya nyuki yalionekana yanataka kufa. Alihangaika nayo mchana kutwa, na giza likianza kuingia, wavu usoni, glavu mikononi, moshi machoni, alinyoosha mkono juu ya boriti anapowekaga magazeti yake, akashika gazeti lililokunjwa, akalitandaza katikati ya masanduku mawili kama lilivyo, akafunika. Siku zilizofuata, kila mama akikumbusha habari za kusoma alimwambia kesho, na alishangaa tu kwamba nyuki wale ni wazembe. Kazi ya siku tatu waliifanya siku sita. Jumatatu alipofungua akaona ndani ya gazeti kuna karatasi za wino wa bluu, zimetobolewa kama ungo, ndipo akakaa chini na wavu wake usoni.

Alipoteza siku tatu akijaribu kubandika vipande kwa ugali laini juu ya boksi la sabuni. Kilichosomeka ni kipande kimoja, kikubwa kama kiganja: mama yake alipopata habari hizo, aka. Baada ya hapo tundu.

"Akafanya nini?" Nyanzala aliuliza.

"Sijui, mayu."

"Hukusoma mbele kimoyomoyo?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Kwa hiyo wewe hujui, mimi sijui," mama alisema. "Nyuki ndiyo wanajua."

Tangu siku hiyo hakumpa raha. Anakamua maziwa, anauliza. Anasonga ugali, anauliza. Yule Mjapani alisamehe, au alikufa amenuna? Alhamisi mchana Luhende akawasha pikipiki, afadhali aende akafie mbele.

*

Thacienne alikuwa kibarazani, miwani puani, madaftari yamepangwa pande mbili, kulia yaliyosahihishwa na kushoto yanayongoja. Binti yake Emelyne alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Luhende aliamkia, akaweka ndoo chini, akabaki amesimama. Alimweleza yote bila kuruka, kuanzia boriti mpaka ugali laini. Kichwani alikuwa amepanga maneno mazuri zaidi, lakini yalibaki barabarani pamoja na hindi.

Thacienne alifungua mfuniko. Akatia mkono, akatoa kipande, akakigeuza mbele na nyuma. Kilikuwa na nta.

"Ni mama yako aliyeziweka?" aliuliza.

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi hapo, na Luhende aliuona. Angesema hata labda, Thacienne angeamini, maana nani asingeamini.

"Hapana. Ni mimi. Mama alikuwa anazingoja kuliko mimi."

"Miaka minne, Luhende."

"Najua."

"Hujui. Kitabu cha baba kimeliwa. Hiyo sura niliikusanya kwa kumhoji mzee mstari kwa mstari, vingine amevisahau sasa." Alivua miwani. "Mchwa walimla kwa Kifaransa, nyuki wamemla kwa Kiswahili. Huyu bwana alikosana na wadudu gani?"

Emelyne alicheka nyuma ya shuka lililoning'inia. Mama yake hakucheka, au alikaribia akajizuia. Akamwambia Luhende kwamba karatasi zinaandikika upya, hilo si ndilo linalomuuma. Linalomuuma ni kwamba alimpa silaha moja ya kumshinda mama yake, moja tu, naye akailisha nyuki. Na leo Alhamisi. Amechoka kuwa mwanamke anayesubiriwa kukubaliwa, kila Jumapili anavaa vizuri halafu anavua. Amechoka hata kumpenda kwa zamu, leo kwa matumaini kesho kwa hasira.

Luhende alitaka kumshika mkono, akaona mkono umeshikilia kipande cha nta, akauacha.

"Nimefanya ujinga," alisema. "Ila nikwambie kitu kimoja halafu nitaondoka. Mama tangu Jumatatu haongei habari nyingine. Anauliza mwisho wake. Kama yule Mjapani alisamehe."

Thacienne aligeuka.

"Anaulizia hivyo?"

"Jana alimwita mke wa jirani ambaye ameokoka, amuulize kama kwenye Biblia limo."

Hapo ndipo macho ya Thacienne yalipobadilika. Uchovu haukuondoka, lakini nyuma yake palikuja kitu kingine, kile kile cha siku ya wavu. Alivaa miwani yake polepole.

"Mwambie mwisho ninao kichwani."

"Basi niambie mimi, nimpelekee leo hii."

"Sikupi. Wewe ukipewa kitu kinaliwa." Akachukua daftari jingine upande wa kushoto. "Autakaye mwisho aje. Mimi niko hapa, Jumapili sina safari."

Luhende alipanda pikipiki, akashuka tena.

"Lakini mwisho wenyewe ni mzuri?"

"Ni wa kweli," alisema Thacienne, akaendelea kusahihisha.

Jibu hilo lilimsindikiza mpaka Ugalla, na halikuwa jibu la kumfurahisha mtu. Mwisho mzuri ungeitwa mzuri.

*

Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani na kula, pikipiki iliingia uani kwa mzee Candide polepole kama imebeba vioo. Nyuma alikaa Nyanzala upande, kanga mbili, viatu vipya, kibuyu cha maziwa ya mgando kifuani. Alishuka, akajikung'uta, akatangaza kabla hajakaribishwa.

"Nisieleweke vibaya. Sijaja kwa mambo ya uchumba. Nimekuja kumaliziwa hadithi."

Mzee Candide alisimama kwa fimbo yake. "Mwadila, mayu," alimwamkia.

Nyanzala alishtuka kidogo kuamkiwa Kisukuma na mtu wa Katumba. Alijibu salamu, kisha akamuuliza kaipata wapi. Mzee akasema alikausha tumbaku miaka kumi na mbili na Wasukuma, matusi anayajua zaidi ya salamu, ila leo ni Jumapili. Nyanzala alikazana asicheke, lakini kiti alichoonyeshwa alikikalia.

Emelyne alileta chai. Thacienne alikaa kwenye mkeka mbele ya mgeni, miguu ameikunja upande, si kama mwalimu, kama mkwe. Na Luhende aliketi karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kutoroka. Thacienne alianzia walipoishia. Alieleza kwamba kijana alimuoa yule mwigizaji na mama akamfukuza. Hakutaka amuone nyumbani, na yule mwigizaji akaitwa majina mabaya.

Nyanzala alitikisa kichwa kukubali. "Enhe. Halafu?"

Luhende alijua kwamba hapa ndipo. Alimkazia macho Thacienne, macho ya kuomba, macho ya mtu anayezama. Alikuwa anamwambia: weka sukari. Sema mama alilia, sema aliota ndoto, sema alisamehe wiki iliyofuata. Nani atajua? Nyuki hawatatoa ushahidi. Thacienne aliyaona macho hayo, na kwa muda wa kumeza funda moja la chai alisita. Kisha akayaacha, akamtazama mama mtu mzima mwenzie.

"Alikaa amekasirika miaka," alisema. "Kijana akaanza kuandika na kuzungumza mambo yake ya Ulaya iwe nyumba moja. Jina likakua. Wakubwa wakaanza kumsikiliza, magazeti yakamwandika. Mama alipoona mwanawe amekuwa mtu wa kuheshimiwa, ndipo alipofungua mlango."

"Ndipo."

"Ndiyo, mama."

"Alingoja mtoto apate jina kwanza."

"Ndivyo baba alivyosoma, ndivyo nilivyoandika. Ningeweza kukudanganya."

Kuku alipita katikati ya watu, hakuna aliyemfukuza. Luhende aliona kila kitu kinakwenda na maji. Mama yake alikuwa ametazama kikombe, midomo imebana, sura ile ile aliyokuwa nayo siku walipouza dume la marehemu baba.

"Na huyo mwanamke," Nyanzala aliuliza bila kuinua uso, "alimtunza kijana wake?"

"Waliishi zaidi ya miaka thelathini. Kifo ndicho kilichowatenganisha, mwanamke akatangulia."

"Yule binti yake?"

"Alimlea kama wake."

Nyanzala alimtazama Emelyne aliyekuwa amesimama na birika, akamtazama miguu mpaka kichwa, akamwambia aache kusimama kama nguzo, akae. Emelyne akakaa karibu naye, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

"Yule mama nilimpenda sana," alisema Nyanzala. "Lakini hapo amenikera. Miaka yote amekaa peke yake nchi ya watu, hana dada, hana mama, halafu anamfukuza mtoto wake mwenyewe. Anangoja jina. Yeye alikuwa na bahati, mtoto mwenyewe alikuwa na kichwa." Aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Mimi huyu wangu namjua. Hatapata jina. Akijitahidi sana watamjua mpaka stendi ya Mpanda, tena kwa ajili ya asali. Sasa nikikaa kungoja hilo, si nitakufa nimenuna?"

Mzee Candide alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda, akalazimika kuvua kofia ajifutie machozi. Luhende hakujua kama ametukanwa au amebarikiwa. Alicheka kidogo, asionekane mgumu.

Lakini mzee alikuwa na sharti lake, na machozi hayakumfanya alisahau. Akauliza kwa upole kama hayo maneno ndiyo kukubali.

"Mzee wangu," Nyanzala akasema, "wewe umesoma Kifaransa. Mimi ambaye sijasoma nimeelewa nilichosema."

"Nimeelewa, mayu. Ila nilisema isemwe."

Nyanzala aliweka kikombe chini, akajifunga kanga vizuri, kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo.

"Nimekubali amuoe. Kazidiwa miaka, basi, angalau mmoja wao awe na akili." Kisha akamgeukia Thacienne, na sauti ikashuka. "Na wewe hiyo sura uiandike upya. Hapo kwa yule mama usimwonee. Weka kwamba alikuwa amechoka. Mtu akichoka anakosea."

Thacienne aliinamisha kichwa, akachukua kile kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, akaingia nacho ndani haraka, na kila mtu alijifanya haoni kwa nini anakwenda haraka.

*

Luhende alimkuta uani nyuma ya nyumba, ananawa uso kwenye beseni. Alisimama upande wa pili, mikono hana pa kuiweka.

"Umesikia nimeambiwa nitajulikana mpaka stendi," alisema.

"Nimesikia. Umeumia?"

"Kidogo."

"Stendi ni mbali," Thacienne alisema, na matone ya maji yalikuwa bado kwenye kope. "Mimi nilidhani mwisho ni sokoni."

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu waliokuwa wamebeba gunia muda mrefu na sasa limetuliwa. Luhende akamuuliza kwa nini hakuweka sukari, na yeye alimwomba kwa macho mpaka macho yakamuuma. Thacienne alijifuta kwa ncha ya kitenge, asiharakishe.

"Nilitaka," alisema. "Nilikaribia kabisa. Halafu nikafikiri, huyu mama nitapika naye, nitaugua naye, atanizika au nitamzika. Siku akigundua kwamba nilimlaghai siku ya kwanza, nitajificha wapi?"

"Na angenyanyuka akaondoka?"

"Ningelia. Baadaye ningeandika tena, ukurasa kwa ukurasa. Nimezoea." Akamtazama, sasa bila miwani, kwa karibu, na jicho halikuwa limechoka. "Wewe ungefanya nini?"

"Ningekuja kesho na ndoo nyingine."

Alimpa mkono. Luhende akaupokea, ukiwa baridi na umelowa, akaushika kwa mikono yake yote miwili yenye makovu ya miiba ya nyuki, na hakuna kati yao aliyesema neno la kitabuni. Nyuma ya ukuta walisikia mzee anaeleza jambo, Nyanzala anampinga, Emelyne anacheka, mzee anaanza upya.

Halafu sauti ya Nyanzala ikapaa juu ya paa, sauti ile iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Luhende aliachia mkono wa Thacienne, akajiweka sawa, akafungua mdomo kuitikia. Miaka yote thelathini, sauti hiyo ikiita, inamwita yeye.

"Tasiana! Hebu njoo, mama, baba yako ananichanganya hapa na watoto saba wa Mjapani, hajui hata nani mkubwa!"

"Nakuja, mayu," akaitika Thacienne, akachukua beseni, akampita Luhende, akaingia ndani kwao.